Kuku aliyekamatwa na mbwa: jeraha la mgongoni na matundu mawili chini ya bawa

Alikuwa mtetea wa miaka miwili, uzito wake haujafika kilo 2 kamili, na alikuwa akitaga vizuri hadi jioni ile. Mbwa kijana, asiye na neno na watu, alipenya uani, akamdaka mgongoni, akamtikisa na kukimbia naye kabla ya kupigiwa kelele akamwachia. Nilipoitwa nikamkuta kuku amejibanza pembeni ya banda, macho yamefumba nusu, mabawa yameteremka, na uwanja mzima umejaa manyoya. Mwenye kuku alikwisha kuchota maji na kushika kitambaa, tayari kumwosha.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu karibu kila kilichomsaidia kuku huyu kilikwenda kinyume na kile ambacho mtu mwenye huruma hutamani kukifanya kwanza. Mgongoni, karibu na shina la mkia, ngozi ilikuwa imechanika na nyama inaonekana. Kila aliyemtazama alilitazama jeraha hilo. Kumbe chini ya bawa la kulia kulikuwa na matundu mawili madogo, hayatoi hata damu ya kulowesha kidole, na hayo ndiyo yaliyotutia hofu zaidi.

Nianze na yale manyoya, maana huwavunja watu moyo. Kuku aliyeshikwa na adui huachia manyoya kwa wingi, hasa ya mkia na mgongo, na adui hubaki na manyoya mdomoni wakati ndege anajinasua. Ni kinga ya mwili. Rundo la manyoya uwanjani halisemi lolote juu ya ukubwa wa jeraha. Nimeona kuku aliyebaki na kiuno kitupu bila hata mkwaruzo, na nimeona aliyekufa siku ya tatu manyoya yake yakiwa yamepangika vizuri kabisa.

Maji tuliyaweka kando. Kuku aliyetoka mdomoni mwa mbwa yumo kwenye mshtuko: damu imekimbilia viungo vya ndani, miguu na upanga wa kichwani vimepoa, moyo unakwenda mbio. Joto la kawaida la kuku ni nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Ukimlowesha wakati huo unamnyang'anya joto ambalo mwili wake unajitahidi kulilinda, na ukimgeuzageuza unamtisha upya. Wengi hufa hapo, mikononi mwa watu wanaowapenda, na jeraha lenyewe halijapata hata nafasi ya kuwadhuru.

Kilichofanyika ni kumfunika kwa taulo macho yakiwa ndani ya giza, kumnyanyua kwa mikono miwili, na kumweka kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, lililotandikwa kitambaa safi, ndani ya chumba kimya. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo iliwekwa upande mmoja tu wa sanduku, ili akiona joto limezidi asogee. Nyuzi 27 hadi 30 zinamtosha. Akianza kutweta mdomo wazi na kutanua mabawa, joto limepita kiasi, liondolewe. Chakula hakikuwekwa. Maji ya kunywa aliwekewa kwenye kibakuli kifupi, bila kulazimishwa.

Kabla ya kufunga sanduku tulitazama jambo moja tu: je, kuna damu inayotiririka? Damu ya kuku ni asilimia 6 hadi 8 ya uzito wake, kwa hiyo kuku wa kilo 2 ana mililita 120 hadi 160 mwili mzima. Kiasi kinachoonekana kidogo sakafuni kwake ni kikubwa. Palipokuwa panachuruzika mgongoni palikandamizwa kwa kitambaa safi dakika tano mfululizo, bila kuchungulia kila mara, pakakauka.

Hapa niseme na mwenye kuku kuhusu yeye mwenyewe. Mate ya mbwa yalikuwa bado mabichi kwenye manyoya, na mbwa alikuwa wa watu wengine. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mamalia, kwa hiyo sikumwogopea kuku. Nilimwogopea aliyemshika, kwa sababu alikuwa na mchubuko kidoleni. Mahali ambapo chanjo ya mbwa haina uhakika, vaa glavu, na mate yakigusa jeraha lako osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ueleze kilichotokea. Mbwa akiwa na mwenendo wa ajabu, au hajulikani ni wa nani, jambo hili hutangulia mambo yote ya kuku. Kwa bahati nzuri mbwa huyu alikuwa na mwenyewe na cheti cha chanjo kilionekana jioni ile ile.

Baada ya kama saa mbili kuku alikuwa amefumbua macho na kusimama. Ndipo tukampima vizuri, mmoja akimshika na mwingine akitazama. Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukimkumbatia kwa nguvu kifuani unaweza kumziba pumzi ukidhani unamtuliza. Kwa hiyo alishikwa mabawa yakiwa yamebanwa kidogo ubavuni, kidari kikiwa huru.

Alipumua mdomo ukiwa umefungwa, bila mlio. Vidole vya miguu yote miwili vilikaza vilipoguswa kwa kijiti, na hilo lilitupa nafuu kubwa, maana mbwa anapomtikisa kuku aliyemshika mgongoni uti huweza kuvunjika. Gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, halikuwa limetoboka: lingetoboka, chakula na maji vingevuja shingoni. Tulipapasa pia tumbo chini ya mkia kutafuta yai lenye ganda. Kwa kuku anayetaga si jambo la kusahau, kwa kuwa yai likipasukia ndani huleta uchafuzi ambao hautibiki kwa urahisi. Hatukulikuta.

Kisha tukapuliza manyoya sehemu kwa sehemu, kuanzia shingo hadi mapaja, tukitazama ngozi. Ndivyo yalivyopatikana yale matundu chini ya bawa. Chonge ya mbwa ni ndefu na imechongoka. Huingia, hutoka, na ngozi hujifunga nyuma yake. Nilipoweka kidole pembeni ya matundu nikahisi vijipovu vikisogea na kupasuka chini ya ngozi. Ilikuwa hewa, na haikupaswa kuwapo pale.

Mapafu ya ndege hayatanuki na kusinyaa kama yetu. Hewa hupitishwa ndani yake na mifuko ya hewa iliyotandaa kifuani na tumboni, na mfuko mmoja huingia hadi ndani ya mfupa wa juu wa bawa. Jino likipita katikati ya mbavu linaweza kutoboa mfuko mmojawapo, na hapo tundu la ngozi linakuwa mlango wa njia ya hewa. Mtu akichukua bomba la sindano na kusukuma maji ya kusafishia ndani ya tundu hilo, anaweza kumzamisha kuku akiwa mezani. Kama mwenye kuku angeanza na yale maji aliyoyachota, angeosha jeraha la mgongoni, kisha angehamia chini ya bawa kwa nia njema ile ile.

Kwa hiyo kuku mmoja alipata tiba mbili tofauti. Chini ya bawa tulipangusa tu juu juu kwa shashi iliyoloweshwa na kukamuliwa, tukaacha. Mgongoni tuliosha kwa wingi. Maji yalichemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, na kila lita ikatiwa gramu 9 za chumvi, ambayo ni chumvi ya kadiri ya mwili wenyewe na haiunguzi. Yalisukumwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kuku akiwa ameinamishwa ili uchafu utoke nje usirudi ndani. Manyoya ya pembeni yalikatwa kwa mkasi. Kuyang'oa kwenye ngozi iliyokwisha kuchanika huiendeleza michaniko, ingawa unyoya uliokatwa una gharama yake nitakayoieleza.

Wakati wa kuosha ndipo tulipojua ukubwa wa jeraha. Mpasuko wa nje ulikuwa mdogo kuliko kidole gumba, lakini maji yalipenya chini ya ngozi hadi katikati ya mgongo. Ngozi ya kuku ni nyembamba na imeshikamana kwa ulegevu na nyama iliyo chini. Mbwa anapotikisa, ngozi hubanduka ikaacha mfuko mtupu. Ndani ya mfuko huo hubaki mate, vumbi na vipande vya manyoya. Ndiyo maana jeraha la mbwa halishonwi kwa haraka likafungwa kabisa. Kulifunga ni kuvifungia vijidudu ndani, pamoja na giza na unyevu vinavyovipendeza. Tuliliacha wazi lipone kutoka chini kwenda juu.

Juu yake tulipaka povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu vya kidonda, iliyozimuliwa kwa maji hadi ikawa ya kahawia hafifu. Haidrojeni peroksaidi, spiriti na dawa kali za kuulia vijidudu hatukuzigusa. Zinaua chembe zile zile zinazotakiwa kuziba kidonda. Marhamu zenye dawa ya ganzi si salama kwa ndege, na mafuta mazito hushikamanisha manyoya hadi yashindwe kuhifadhi joto. Kidonda kinahitaji unyevu kiasi, hakihitaji kuzamishwa kwenye mafuta.

Asubuhi alipelekwa kwa daktari wa mifugo. Mdomo wa mbwa una vijidudu vya aina nyingi kwa pamoja, vikiwamo Pasteurella multocida na vile vinavyostawi pasipo hewa, kwa hiyo jino lililozama ndani huhitaji antibayotiki iliyochaguliwa kwa ajili hiyo. Daktari alimpa mchanganyiko wa amoksisilini na asidi ya klavulaniki, na meloksikamu ya maumivu, kwa kipimo cha uzito wake. Vidonge vya watu vilivyosalia kabatini haviwezi kuchukua nafasi hiyo: kipimo hakijulikani, dawa huenda isivifikie vijidudu husika, na kumpa kwa siku mbili kisha kuacha ni kuvizoeza vijidudu dawa. Maumivu nayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuku hulificha umivu kwa kunyamaza, na kuku mwenye maumivu hali. Asiyekula haponi.

Kwa sababu hiyo chombo kilichotusaidia kuliko vyote baada ya siku ya kwanza kilikuwa mizani ya jikoni. Kila asubuhi alipimwa kabla ya kula. Macho hudanganyika, maana kuku huchangamka anapoona mtu kisha hulegea akiachwa peke yake. Siku tatu za mwanzo uzito ulishuka. Kinyesi kilikuwa kijani na cheupe, kidogo, ishara ya nyongo inayopita kwenye utumbo usio na chakula. Alipewa chakula chake cha kawaida kilicholowekwa, na yai la kuchemsha lililopondwa. Maji yenye chumvichumvi za kurudishia mwili maji alidondoshewa tone kwa tone pembeni mwa mdomo. Mlango wa njia ya hewa wa kuku uko nyuma tu ya ulimi, wazi kabisa. Anayemsukumia maji katikati ya mdomo humwagia mapafuni. Unadondosha, unasubiri ameze, ndipo unadondosha tena.

Siku ya tatu simu ililia. Mwenye kuku alikuwa akilia pia: mgongo na paja vimegeuka kijani, nyama imeoza, je, amchinje asiendelee kuteseka?

Swali hilo huulizwa mno, na kuku wengi wamekufa kwa jibu lisilo sahihi. Kwa binadamu, damu iliyovilia chini ya ngozi hupita rangi kadhaa hadi kufikia njano. Ndege hawana kimeng'enya cha kuifikisha huko, kwa hiyo rangi yao husimama kwenye kijani. Paja la kuku lililopondeka huwa jekundu, kisha zambarau, na ndani ya siku mbili tatu likawa kijani cha kushtua. Ni kupona kwa kawaida. Kinachotofautisha na kuoza ni mkono na pua. Nilimwomba aguse: palikuwa na joto, laini, na hapakuwa na harufu. Ngozi iliyokufa huwa nyeusi au kijivu, baridi, ngumu, na baadaye hunuka. Kijani kile kilififia chenyewe.

Lakini ukingo wa ule mpasuko, upana wa kucha hivi, haukuwa hivyo. Uligeuka mweusi na mkavu, na siku mbili baadaye ukaanza kunuka. Huu ndio muda ambao majeraha ya mbwa huonyesha ukweli wake, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati wengi wameshapumua na kumrudisha kuku bandani. Ngozi iliyonyimwa damu huchukua siku kadhaa kufa. Daktari aliikata, na chini yake akakuta bonge la usaha. Usaha wa kuku hautiririki kama wa mamalia; chembe zao za kinga hazina kile kinachouyeyusha, kwa hiyo hugandamana ukawa mkavu na wa njano, kama kiini cha yai lililochemshwa sana. Hautoki kwa kukamuliwa wala kwa kutobolewa, na antibayotiki haipenyi ndani yake. Sharti uondolewe kwa mkono, na ni kazi ya mwenye vifaa na dawa ya ganzi inayofaa. Baada ya hapo uzito ulisimama, kisha ukaanza kupanda.

Hewa chini ya bawa ilipungua yenyewe, tundu la mfuko likajiziba. Ingeongezeka hadi ngozi ivimbe na kumbana, daktari angeitoa kwa sindano. Jambo tulilolichunga ni pumzi: mdomo wazi akiwa ametulia, mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi, upanga unaogeuka zambarau. Mojawapo likitokea, hakuna kusubiri asubuhi.

Nzi nao walitupa kazi. Wakati wa joto mayai ya nzi kwenye kidonda huanguliwa ndani ya siku moja, na funza huingia kwenye ule mfuko chini ya ngozi ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo hadi kidonda kiote nyama changa na kigaga, kuku alikaa ndani, matandiko yakibadilishwa kila siku, na manyoya ya chini ya mkia yakitazamwa asubuhi na jioni. Anayefuga mahali penye nzi na hawezi kumweka kuku ndani, amtengenezee hata kizimba kilichofunikwa chandarua.

Lipo swali ambalo mwenye kuku aliliuliza usiku wa kwanza, nami naliheshimu: lini mtu aache? Nilimwambia hivi. Kama miguu haikazi kabisa na hahisi kijiti, kama utumbo unaonekana au kinyesi kinavuja kwenye jeraha, kama anapumua kwa shida hata akiwa kwenye giza na joto, basi kummaliza haraka kwa mkono wa anayejua ni rehema, na kumchelewesha ni kumtesa kwa ajili ya faraja yetu. Nje ya hayo, kuku apewe nafasi. Ni viumbe wanaopona majeraha ambayo ukiyatazama siku ya kwanza huwezi kuamini kwamba yatapona. Na pasipo daktari karibu, giza, joto, maji ya chumvi yaliyopimwa, jeraha lililoachwa wazi na mizani ya kila asubuhi bado vina nguvu kubwa. Kinachokosekana hapo ni dawa ya maumivu na mkono wa kuondoa usaha.

Kumrudisha kwa wenzake kulichukua subira. Kuku huvutiwa na rangi nyekundu, na kidonda kilicho wazi hudonolewa hadi kifo, hata na wale aliokua nao. Alipoota ngozi mpya aliwekwa ndani ya banda lile lile nyuma ya waya, wakionana na kula sambamba. Kisha akapewa mwenzi mmoja mpole, ndipo wengine wakafuata. Aliporudi alikuwa ameshuka cheo na alidonolewa kidogo kichwani. Hilo tuliliacha, kwa kuwa ndivyo wanavyopangana. Ugomvi wa kutoa damu ndio ungetufanya tumtenge tena.

Kuhusu yale manyoya: palipong'olewa na mbwa yalianza kuota ndani ya wiki chache, yakitoka yamejaa damu ndani ya vifuko vyao, na sehemu hiyo haishikwishikwi. Palipokatwa kwa mkasi palibaki vishina hadi msimu wa kunyonyoka, kwa sababu unyoya uliokatwa hauoti upya mpaka shina lake lidondoke. Kiuno kikabaki wazi kwa muda mrefu, na jua kali lilibidi lizuiwe kwa kivuli.

Kutaga kulikoma tangu siku ile. Mwili unaojenga ngozi hauna cha kutengenezea yai, na sikuona sababu ya kumharakisha. Alipoanza tena mayai ya mwanzo yalikuwa na ganda jembamba. Daktari alikwisha kutaja muda ambao mayai yasiliwe baada ya dozi ya mwisho, na kila anayempa kuku dawa amwulize daktari jambo hilo kabla ya kuanza, maana mabaki ya dawa huingia kwenye yai, na yai huliwa na mtoto asiyejua lolote.

Mbwa hakupigwa, nami nilishauri hivyo kwa nguvu. Kumpiga baada ya tukio hakumfundishi kuhusu kuku. Humfundisha kumwogopa anayempiga. Mbwa aliyeonja kukimbiza kuku atajaribu tena, na ua ndio wa kumzuia. Wavu mwembamba wa kuku uliokuwapo huwazuia kuku wasitoke, lakini meno ya mbwa huupasua. Pakawekwa waya mzito uliochomelewa kila kiungo, na kipande cha upana wa sentimita 40 kikalazwa chini kuzunguka banda kwa nje na kufunikwa udongo, kwa kuwa mbwa huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Mwenye mbwa alikubali amfunge mchana na kumfungulia usiku, kuku wakiwa wamefungiwa ndani.